Simu ya Alhamisi

Koku alikuwa ameifanyia mazoezi shikamoo ile tangu alipoondoka Busawe. Siyo kwamba ilikuwa ngumu kutamka. Msichana aliyekulia kati ya Serengeti na Tarime ameamkia wazee wengi mno hata ulimi haumuulizi tena ruhusa. Ugumu ulikuwa kwamba mtu wa kuamkiwa ni Rhobi, na Rhobi alimzidi miaka miwili tu, na kwa miaka minne ya sekondari walikaa dawati moja, wakagombania kifutio kimoja, wakanakiliana hesabu mpaka makosa yao yakafanana, wakachapwa pamoja kwa ajili ya makosa hayohayo.

"Shikamoo," alisema alipoingia uani kwa Bibi, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake.

Rhobi alikuwa anapepeta ulezi, mtoto mgongoni. Akaangua kicheko mpaka ungo ukayumba.

"Shikamoo ya nani? Mimi na wewe? Toka hapa na mambo yako! Weito, rafiki yangu, hebu njoo nikuone. Umenenepa, chakula cha bwenini kumbe kinajenga."

Akamkumbatia na pumba zake zote. Mtoto akamshika Koku sikio, akalivuta kama anachuma kitu.

Ilikuwa hivyo kila walipokutana. Koku anaamkia, Rhobi anakataa. Kwa mila, Koku ndiye aliyekuwa sahihi. Bibi yake, mzaa mama, alijaliwa mabinti watupu, na Wakurya wana dawa yao ya jambo hilo. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana awe mke wa yule mwana ambaye hakuzaliwa, ili nyumba yake isizimike. Wanaiita nyumba ntobhu. Bibi alimwoa Rhobi. Kwa hiyo Rhobi, ambaye zamani alikuwa Rhobi tu, alikuwa sasa mke wa mjomba wa Koku, mjomba ambaye hayupo wala hajawahi kuwepo, na mtoto Mniko, aliyebeba jina la marehemu babu, alikuwa mrithi wa boma. Baba wa mtoto alikuwepo, kijana mpole wa kijiji cha pili, lakini kwenye boma lile hakuwa na sauti hata ya kufukuza kuku.

"Umepotea," Rhobi alisema, akimpokea begi. "Likizo mbili nzima! Jumapili nakupigia kwa simu ya Bibi, inaita mpaka inachoka."

"Masomo," alisema Koku. "Kidato cha sita, unajua tena."

"Nitajuaje? Niambie wewe."

Hakusema kwa kuchoma. Rhobi hakuwa mtu wa kuchoma, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa Koku. Angekuwa na rafiki mwenye ulimi wa upupu angeshapata pa kujitetea. Masomo hayakuwa sababu. Alikuwa anaogopa kuja hapa Itiryo, kijijini kwa Bibi, anaogopa uso ule uliojaa furaha ya kumwona, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo Rhobi hakulijua, na Koku alilijua, na alikuwa amekaa nalo mwaka mmoja na nusu.

Jambo lenyewe lilianza kwa simu. Walipojaza fomu za kuchagua shule na vyuo, Rhobi hakuwa na simu, na baba yake, mzee Nyangwine, alikuwa na simu aliyoizima ili isile chaji. Penye namba ya mawasiliano Rhobi akaandika ya Koku bila hata kuuliza. Nani angeuliza? Matokeo yalipotoka Koku akapata daraja la pili, Rhobi la tatu. Majina ya kidato cha tano yakatoka, la Koku likawemo, la Rhobi hapana. Yakabaki majina ya vyuo, ambayo hutoka nyuma, wakati watu wameshaacha kusubiri.

Katika kusubiri huko Bibi akaanguka kisimani, akavunjika nyonga. Mama yake Koku, Eunice, muuguzi wa zahanati ya Busawe, alikuja akamtazama, akalia kidogo, kisha akapiga hesabu zake za kiuguzi. Bibi hawezi kukaa peke yake. Mabinti wote wameolewa mbali. Koku ndiye aliyekaa naye miaka yote minne ya shule, Koku ndiye anayemjua. "Utasubiri mwaka mmoja, mwanangu," alisema. "Shule haihami." Baba yake, Ponsiano, bwana shamba aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, alikohoa tu. Mambo ya ukweni alikuwa ameamua zamani kuyakohoa.

Koku hakulala wiki nzima. Kila mtu anajua shule haihami, ila nafasi inahama.

Bibi mwenyewe ndiye aliyefungua njia. "Huyo rafiki yako," alisema siku moja akiwa kitandani, "yule anayekuja kusomea kwenye taa yangu ya sola. Moyo wake ukoje?"

"Mzuri, Bibi."

"Wamemchagua popote?"

"Hapana. Hana pa kwenda."

Wakati huo ulikuwa ukweli. Bibi akatuma watu kwa Nyangwine, Nyangwine akakubali kabla hawajamaliza kukaa. Ng'ombe wangepelekwa Jumamosi. Rhobi alikuwa amefika miaka kumi na tisa, akasema sawa, maana kwao walikuwa wanazungumza pia habari ya mzee mmoja wa Nyakunguru mwenye wake wawili, na bora Bibi mara kumi. Ila kila siku alipita kwa Koku akauliza neno lilelile: "Simu haijapigwa?" Alikuwa ameomba chuo cha mifugo. Tangu utoto alikuwa mtu wa kuinamia ng'ombe mgonjwa wakati wenzake wanaruka kamba.

Alhamisi simu ikapigwa.

Koku alikuwa kwenye mashine ya kusaga, debe la mahindi na mtama miguuni. Aliyepiga alikuwa Mwalimu Benedicto, aliyewafundisha baiolojia. Alipaza sauti kushinda mashine. "Mwambie Rhobi amepangiwa Mpwapwa! Chuo cha mifugo! Aje kwangu kesho achukue karatasi, mimi Jumatatu nahama, nimepata uhamisho. Umesikia, Kokushubira?"

"Nimesikia, mwalimu. Nitamfikishia."

Na alikusudia kumfikishia, tusimsingizie. Alibeba unga kichwani akatembea haraka, akitabasamu peke yake. Njia ikapanda kilima. Hapo kilimani wazo likamjia, dogo tu: Rhobi akienda, nani atabaki na Bibi? Akapunguza mwendo. Akamwona Rhobi anakuja mbele yake na mzigo wa kuni.

"Umechelewa," alisema Rhobi. "Nilikuja nikakukosa. Kulikuwa na nini?"

"Foleni," alisema Koku.

Neno moja tu. Aliapa kimoyomoyo kwamba atamwambia jioni, na jioni ilipofika akaapa atamwambia kesho. Ijumaa Rhobi akapita. "Hata leo haijapigwa?" Na Koku akajibu, akimtazama usoni kabisa, "Hata leo." Jumamosi ng'ombe wakatoka bomani kwa Bibi, wakapita barabarani na vumbi lao kuelekea kwa Nyangwine, na Koku akasimama mlangoni akiwaangalia hadi mkia wa mwisho. Jumanne yake akapanda basi kwenda kidato cha tano.

Ndiyo aibu yenyewe. Haikuwa kubwa kwa kuitazama, haikumwaga damu, hakuna polisi ambaye angeiandika. Lakini ilikaa naye bwenini, ikakaa naye mezani, na kila Jumapili namba ya Bibi ilipoita kwenye simu aliyoificha bwenini, aliiacha iite huku ameigeuza kifudifudi, kana kwamba kioo chake kingeweza kumwona.

Safari hii asingekuja pia, ila Bibi aliongea na Eunice akasema mjukuu wake asipokuja kumwona mtoto mwenye jina la babu basi asije hata kwenye mazishi. Hapo hakuna mtoto anayebisha.

Siku ya pili, kabla ya saa nne asubuhi, mtamba wa Bibi alianza kuhangaika. Ulikuwa uzao wake wa kwanza. Alilala, akaamka, akajigonga kwenye ua, na kila alipojikamua ulijitokeza ukwato mmoja na ncha ya pua, basi. Bibi alitolewa nje na fimbo yake, akakalishwa kwenye kigoda.

"Mguu mmoja umekunjika nyuma," alisema Rhobi. Alisema kama mtu anayesoma ubaoni. "Koku, mpigie Enock. Namba iko ukutani jikoni."

Enock alikuwa afisa mifugo wa kata, mtu wa Mbeya. Alisema anakuja, lakini yuko mbali na pikipiki ina pancha. Rhobi hakungoja. Akamfungua Mniko mgongoni, akampa Koku. Akaosha mkono kwa sabuni mpaka begani, akaupaka mafuta ya kupikia, akapiga goti nyuma ya ng'ombe.

Koku alisimama na mtoto kifuani, akashindwa kuangalia na akashindwa kutoangalia. Rhobi alifumba macho. Mkono ulikuwa unaona kwa niaba yake. Akawa anaongea na ng'ombe polepole kwa Kikurya, sauti ileile aliyotumia zamani kumbembeleza Koku siku za mtihani. Ng'ombe alipojikamua Rhobi alitulia, ng'ombe alipopumzika Rhobi alimsukuma ndama arudi ndani kidogo, akatafuta, akashika ukwato kwa kiganja ili usichane, akauleta mbele. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. "Kamba," alisema. Koku akampa. "Bado. Subiri asukume mwenyewe. Sasa!"

Ndama akatoka kwa mkupuo, kamasi na yote, akaanguka kwenye majani kama nguo iliyoloa. Hakupumua. Rhobi akamfuta pua, akamchokoa tundu la pua kwa jani, akamsugua mbavu kwa gunia. Ndama akapiga chafya. Bibi akapiga vigelegele kwa sauti yake yote ya uzee.

"Mkamwana wangu huyo!" alipaza sauti kwa majirani waliokuwa wamejipanga uani. "Nani mwingine anaye?"

Hapo ndipo Enock alipofika, kofia ya pikipiki mkononi. Akamkagua ng'ombe, akamkagua ndama, akamgeukia Rhobi.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna. Naangalia tu mnavyofanya."

"Wewe ulifika kidato cha nne. Hukuomba chuo?"

"Niliomba," alisema Rhobi, akipangusa mkono kwa majani. "Nilipata daraja la tatu, ila sikuchaguliwa."

"Na daraja la tatu? Ajabu. Mwaka ule Mpwapwa walichukua hadi wenye chini ya hapo. Una hakika? Wengine huwa wanachaguliwa, taarifa zinapotelea njiani."

Rhobi akacheka. "Isingepotea. Niliweka namba ya Koku huyu hapa. Wangepiga, angekuja mbio hata usiku wa manane. Si ndiyo, Koku?"

Watu wote wakamtazama Koku. Bibi, majirani, Enock na kofia yake. Mniko alikuwa amemlalia begani. Koku alihisi uso unawaka, masikio yanawaka, hadi mikono iliyombeba mtoto ikawa haijui imshike wapi. Akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, alitikisa kichwa ndiyo! Hata yeye mwenyewe hakuamini. Mara tatu sasa alikuwa amemwuza mtu huyu, na safari hii mbele ya umati, na mtu mwenyewe alikuwa anamtetea.

Enock akaandika yake kwenye daftari, akaondoka. Majirani wakatawanyika. Rhobi akaenda nyuma ya nyumba kwenye beseni kunawa, na Koku akamfuata na ndoo ya maji. Mtoto alikuwa amemwachia Bibi. Alikuwa ameshajua kwamba asipolisema sasa hatalisema tena mpaka anakufa.

"Walipiga," alisema.

"Nani?"

"Mwalimu Benedicto. Ulipangiwa. Mpwapwa, chuo cha mifugo."

Rhobi aliendelea kusugua mkono. Povu lilikuwa jekundu. "Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ipi?"

"Ile ya kabla ya ng'ombe."

Sabuni ikatulia. Rhobi aliangalia maji kwa muda, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayehesabu siku kurudi nyuma. Kisha akafika.

"Siku ile ya foleni," alisema.

Koku hakutegemea kwamba angelikumbuka neno lile. Alikuwa na maelezo, alikuwa ameyatunga kwa mwaka mmoja na nusu, mazuri tu: kwamba mwalimu angempata kwa njia nyingine, kwamba Nyangwine asingekubali kuuza hata mbuzi kwa ajili ya ada, kwamba watu walishakubaliana. Akaona aibu ya kuyatumia.

"Ungeenda wewe, ningebaki mimi," alisema. "Ndiyo hiyo tu. Hakuna nyingine. Nisamehe, Rhobi."

Rhobi alichukua kata, akajimwagia mkono, akaukung'uta.

"Ungeniambia hivyohivyo," alisema. "Ungekuja ukasema, Rhobi, wamepiga, lakini ukienda nabaki mimi. Tungekaa chini tukapanga. Mimi na wewe tumewahi kushindwa kupanga?"

"Hapana."

"Baba angekataa, labda. Anajua kukataa yule. Lakini ningekataliwa na baba yangu. Siyo na wewe."

Koku akaanza kulia, akaongea katikati ya kulia. Kwamba matokeo hayaozi. Kwamba mama yake atasaidia, baba yake anajuana na watu wa mifugo, fomu zinatoka tena mwakani, yeye mwenyewe atakaa na Bibi na mtoto, ataacha shule, ataacha leo.

"Nyamaza," alisema Rhobi, kwa sauti ya chini. "Bibi atasikia. Na usimwambie. Yule mama ananipenda, hajui kitu. Usimharibie na yeye." Akajifuta mkono kwa khanga. "Fomu nitajaza nikitaka. Namba nitaweka ya Bibi."

Akaingia jikoni.

Koku alingoja agombezwe. Alingoja siku nzima. Zamani walipokosana Rhobi alimtukana kwa Kikurya na Kiswahili na kile Kiingereza chao cha kuungaunga, kisha yakaisha, wakacheka. Sasa Rhobi alikuwa mpole kupita kiasi. Alimletea maji ya kuoga, ya moto, bila kuombwa. Na chakula kilipoiva, Koku, ambaye maisha yake yote nyumbani mle alikula na Rhobi sahani moja, wakisukumana vidole kugombania kipande cha mwisho, aliletewa ugali wake peke yake, mezani, kwenye sahani ya maua ambayo Bibi huwatolea wageni, umefunikwa kwa sahani nyingine. Rhobi alimnawisha mikono kwa kumimina maji taratibu, amepinda goti kidogo kama inavyotakiwa kwa mgeni.

"Karibu chakula," alisema.

"Na wewe je?"

"Mimi nitakula na Bibi."

Ugali ule haukupita. Aliumega, akaumegamega, akauacha, kisha akaogopa kwamba Bibi atauliza, akaumeza wote kama dawa.

Asubuhi ilikuwa ya kuondoka. Bibi alimbariki, akampa kuku aliyefungwa miguu ampelekee Ponsiano. Koku akazunguka zizini na begi lake. Rhobi alikuwa anamkamua mtamba kwa mara ya kwanza, paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, Mniko mgongoni, ndama amefungwa pembeni anasubiri zamu yake. Ndama alikuwa anasimama vizuri kwa miguu yake yote minne.

Likamjia Koku neno lile la siku zote. Alilitegemea sasa kama mtu anavyotegemea mlango aliouzoea. Rhobi angecheka, angesema toka hapa na mambo yako, angeita weito, hata kwa kisirani, hata kwa kumtupia maziwa usoni.

"Shikamoo," alisema Koku.

Mikono ya Rhobi ilisimama. Akainua kichwa, akamtazama rafiki yake, siyo kwa chuki. Alimtazama kwa heshima yote anayostahili mtoto wa wifi.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Uwasalimie nyumbani."

"Zitafika," alijibu Koku, kama anavyojibiwa mtu mzima.